Shokomzoba Zangu Zimo Chini ya Gari la Mchumba Wangu

Mhariri, jina langu lifiche, na majina ya wengine nimeyabadilisha mwenyewe. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja hapa Malindi. Nina mchumba, nitamwita Mwaro, na nina ndugu yangu anifuataye kwa kuzaliwa, nitamwita Karisa. Ninyi mnaosoma ukurasa huu, nawaomba msinihukumu kabla hamjafika mwisho.

Huku kwetu kuna klabu ya watu wanaopenda kushindana kwa magari. Si magari ya mabingwa, ni haya haya ya kwendea kazini. Langu ni gari dogo nililoachiwa na marehemu baba. Siku za kazi lilikuwa likimpeleka mama shambani Tezo na mbegu zake, na Jumapili tukiingia mashindanoni mimi na Karisa. Yeye ni mgema, amepanda minazi ya vijiji vingi, kwa hiyo njia za vumbi anazijua zote. Mimi huendesha, yeye huketi kando akinitajia kona. Tukawashinda wanaume wengi, Mwaro akiwa mmoja wao. Alicheka mbele za watu, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani hakunisemesha.

Shida ya gari langu ilikuwa kurukaruka. Nilifikiria sana nitie nini. Springi ngumu zingelifanya likamate kona, lakini mama angefika shambani hawezi hata kuinama. Springi laini, tumbo la gari lingesugua mawe. Mwisho nikaamua springi ziwe za kadiri, na nguvu zangu niziweke kwenye shokomzoba, maana hizo ndizo zinazolituliza gari likishapiga shimo. Nikaagiza Mombasa nne mpya, za rangi ya manjano.

Mwaro akasema, "Usijichafue, mpenzi. Nitakufungia mimi." Nilipotoka kazini nikachungulia chini ya gari, nikaziona nyeusi.

"Mbona si manjano?"

"Nimezipaka rangi zisiliwe na chumvi ya bahari."

Nikamshukuru! Nikampikia na wali wa nazi.

Jumapili iliyofuata tulikuwa tukitoka upande wa Gede kwenda Sabaki. Njia ilikuwa imefanya matutamatuta kwa kupitwa na malori. Gari likapiga tuta la kwanza likaruka, likapiga la pili kabla halijatulia, nyuma kukanihama. Karisa alipiga kelele, "Dada, shika!" Nilishika, lakini hapakuwa na cha kushika. Tuliingia kwenye ukuta wa mawe kwa upande wake. Goti lake la kushoto lilipondeka. Ndugu yangu hatapanda mnazi tena maisha yake.

Siku hiyo Mwaro alishinda. Alikuja hospitalini na machungwa, akakaa kitandani pa Karisa, akaniambia mbele yake, "Nilijua tu. Huu si mchezo wa wanawake."

Gari lilipoletwa nyumbani nikaanza kuliosha kwa petroli. Rangi nyeusi ya shokomzoba ikayeyuka mkononi. Chini yake hapakuwa na manjano. Palikuwa na kutu, na bonyeo ambalo jeki ilikuwa imelipiga zamani, nikiwepo mwenyewe. Zilikuwa shokomzoba zangu zile zile za zamani, zimepakwa rangi! Nikaketi chini pale pale kwenye matope. Kesho yake nikaenda kwa Mwaro, na alipoingia ndani kuniletea chai nikalala chini ya gari lake, la aina moja na langu, ufunguo mkononi. Nikakwaruza. Manjano.

Nikatoka, nikajipangusa, nikanywa chai yake. Pete yake bado naivaa, na kila nikiitazama namwona Karisa akijikokota na gongo.

Sasa mwezi ujao kuna mashindano makubwa, njia inapita kwenye mashamba ya mkonge karibu na Kilifi, matuta matupu. Mwaro akanijia mwenyewe kwa unyenyekevu. "Wewe unazijua njia kuliko mimi. Nitie springi gani?"

Nilimtazama machoni. "Tia ngumu kabisa, zile fupi. Gari lilale chini. Litapendeza."

Ametia. Springi kama hizo hushika kona za lami, lakini kwenye matuta hulirusha gari mpaka magurudumu yasiguse njia. Nimeliona limelala kama mjusi, naye analizunguka akilisifu. Amealika wazee wake na wangu waje wamtazame, kisha siku hiyo hiyo itangazwe tarehe ya harusi. Jamani, sitawaficha, nimelala usingizi mtamu tangu siku hiyo. Nataka lirushwe, likatike, wamchote mitaroni huku mama yangu anatazama.

Lakini juzi Karisa alikuja jikoni kwangu, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aumie. "Dada, Mwaro amenipa kiti. Nitamsomea njia. Anasema ananifuta machozi."

Kijiko kilinianguka. Nikamweleza yote, shokomzoba, rangi, ufunguo, mpaka springi. Nilidhani atalia au atachukua panga. Alikaa akiligeuzageuza gongo lake mpaka ugali ukaungua.

"Basi nitapanda," akasema.

"Karisa, gari lile halitashika njia!"

"Najua. Na mimi ndiye nitakayemwambia kona iko wapi."

Nimemsihi, nimempigia magoti. Ananijibu kwamba mimi nataka kumwokoa mume wangu. Nikimwambia Mwaro abadilishe springi, atashinda tena kwa shokomzoba zangu, na ndugu yangu hatanisemesha mpaka kufa. Nikifichua wizi ule, Mwaro atakana, na wazee watasema nina wivu. Nikinyamaza, wote wawili watakuwa ndani ya gari lile.

Mwaro namtaka aanguke. Hilo msinishauri kuliacha, sitaliacha. Niambieni tu namna ya kumwangusha peke yake, na mniambie kabla Karisa hajafunga mkanda.