Mwonjaji wa Rubisi

Mwenyekiti wa kitongoji, pale Nyarubungo, hufunga mkanda chini ya tumbo kama aliyebeba mtungi na kuogopa umwagike. Mdomo wake hauishi vidonda. Kimoja kikipona kingine kinabisha hodi, naye husema ni wenye wivu wanamroga, huku akikoroga sukari mpaka chai inakuwa uji. Nesi alimwambia huenda tumbo, presha na sukari ni ndugu wa vidonda hivyo. Akacheka: “Binti, hili tumbo ni cheo!” Mkewe Adventina akaliweka moyoni, akisubiri siku yake.

Siku moja wakaja wakwe kumposa Anneth, binti wa mwenyekiti. Mwenye nyumba ndiye huonja rubisi ya ndizi kwanza, mgeni ajue pombe haina sumu. Akaonja kwa madaha. Rubisi ikagusa kidonda, akaruka, machozi chururu. Wakwe wakaweka vibuyu chini, mzee wao akashika fimbo: “Kumbe mmetuitia kifo?”

“Sema, baba Anneth,” Adventina akamfinya, “mtoto anakosa mume!”

“Siyo sumu,” akanong'ona. “Ni vidonda. Nesi alisema ni sukari na... hili tumbo.”

“Kwa sauti!” mkewe akamkemea.

Akasema kwa sauti. Mzee akalitazama lile tumbo juu mpaka chini, akaamini, akanywa.