Barua ya Bi Somoe Niliyoikalia

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyooa. Nilikuwa nimesimama chumbani kwangu Temeke, alasiri, birika linachemka juu ya jiko la mafuta ya taa, nami naipitisha bahasha ya mtu kwenye mvuke ili gundi iachie. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, karani wa ghala Chang'ombe na mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Mtu wa heshima zake. Nikimaliza kukusimulia nilichoifanyia bahasha ile, ndipo nitakuambia habari za daftari lako la hadithi uliloniachia, maana najua unalisubiri.

Miaka ile ya Ujamaa watu wengi mtaani kwetu walikuwa hawajui kusoma. Walitoka Newala, Masasi na Lindi, ndugu zao wamebaki huko au wametawanyika kwenye mashamba ya mkonge. Mwenye kalamu nilikuwa mimi. Jumamosi nikikaa barazani, foleni inafika kisimani, na nisikufiche, niliipenda foleni ile. Mtu akinipa neno moja, mimi namrudishia ukurasa mzima: ama baada ya salamu, dhumuni kubwa la waraka huu ni kutaka kuijua hali yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Nikimsomea anatikisa kichwa, anasema kijana huyu kasoma. Barua zote zilifanana, zilitofautiana majina tu. Hilo mimi sikuliona, na kama yupo aliyeliona basi alininyamazia.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Somoe, mjane wa mchonga vinyago. Mwanawe wa pekee, Hamisi, walikosana naye siku ya arobaini ya baba yake, akaondoka kwenda mkonge huko Muheza. Kwa mwaka mmoja na nusu nilimwandikia Hamisi barua tatu kwa niaba ya mama yake. Hazikujibiwa hata moja. Mimi nilisema kijana ana kiburi, wala sikufikiri kwamba labda kasoro ilikuwa kwenye barua.

Sasa huku darasani kwangu alikuwapo mama mmoja muuza vitumbua, jina lake Zuhura. Alikuja hajui hata a. Nilimfundisha mimi, kwa mdomo wangu na chaki yangu: silabi, jina lake, mpaka namna ya kuandika barua, tarehe juu upande wa kulia, jina la anayeandikiwa chini yake kushoto. Haukupita mwaka, watu wakaanza kumpelekea barua zao. Mwandiko wake ulikwenda upogo na kazi yake ilikuwa ya polepole. Alimkalisha mtu saa nzima akimuuliza maswali, kisha anaandika nusu ukurasa. Lakini majibu yakawa yanakuja. Babu wa nyumba ya pili akajibiwa na kaka yake. Mke wa fundi baiskeli akajibiwa na mumewe, ambaye yeye alikwisha kumkatia tamaa.

Foleni yangu ikapungua. Nilikaa barazani nikiwahesabu wanaopita na karatasi mkononi kuelekea kwa Zuhura, na roho iliniuma, mwanangu, iliniuma kama mtu niliyeibiwa. Nilijiuliza kwa nini yeye. Mimi nilimaliza darasa la nane, yeye kajua kusoma juzi, tena kwangu. Mwenye deni halali usiku, mwenye wivu halali hata mchana. Nilikuwa nakagua stoo ya watu huku nawaza vitumbua.

Basi siku hiyo Bi Somoe akaja na bahasha.

"Athumani baba, si unapitaga posta? Nitilie hii. Kaniandikia Zuhura."

Alisema bila ubaya wowote. Nikaipokea, nikaingia ndani, nikabandika birika.

Barua ilikuwa fupi. Naikumbuka yote: "Hamisi. Mpapai ulioupanda nyuma ya nyumba umezaa. Papai la kwanza nililiweka mezani nikikusubiri mpaka likaoza. La pili pia. Siku ya arobaini ya baba yako nilikusema mbele ya watu, na nilikosa. Kitasa cha mlango sijabadilisha. Ufunguo wako ndio ule ule. Mimi mama yako."

Kwanza nilitafuta makosa, nikayapata. Nukta zilikosekana mahali pawili. Halafu nikaisoma tena, nikakaa kitandani. Mimi nilikuwa nimemwandikia mama huyu barua tatu na sikuwahi kujua kama kuna mpapai, wala sikuwahi kumuuliza waligombania nini. Nilijua pale pale kwamba barua hii itajibiwa. Ndiyo maana sikuitia posta.

Niliirudishia gundi, nikaiweka chini ya nguo kwenye sanduku langu, na ikakaa humo wiki tano. Kila nikitoka kazini Bi Somoe ananiuliza, "Bado?" Nami namjibu, "Bado, mama." Mtaani wakaanza kusema hata Zuhura naye kumbe hakujibiwa. Jumamosi moja nikapata watu sita barazani, nikafurahi. Sikuona haya hata kidogo, nilifurahi.

Kisha Zuhura akaja kwangu, na ungo wake kichwani haujaisha vitumbua.

"Shikamoo Mwalimu," alisema, ingawa kwa umri tulikuwa karibu sawa. "Mie nimeona niache. Nimempa Bi Somoe matumaini ya bure. Anasema mwisho wa mwezi anafunga nyumba anarudi kwao Newala, mtoto hamtaki tena. Nifundishe unavyoandika wewe, yale maneno makubwa. Pengine mie ndiye niliyemkosesha."

Nilimtazama usoni nione kama ananisuta. Wala. Alikuwa ameamini kabisa kwamba hajui. Nilimwambia arudi kesho, na kesho yake saa mbili asubuhi nilikuwa dirishani posta, nikaitia barua ile.

Hamisi hakujibu. Alikuja mwenyewe, siku tisa baadaye, na begi moja, na ufunguo ule ule. Nilisikia kupitia ukutani mlango ukifunguka na Bi Somoe akilia. Ningeweza kusema yakaisha, lakini Hamisi alikuwa na barua mfukoni mwa shati, na kijana yule alijua kusoma. Juu upande wa kulia palikuwa na tarehe, kama nilivyomfundisha Zuhura mwenyewe. Kwenye bahasha palikuwa na muhuri wa posta. Kati ya tarehe ile na muhuri ule palikuwa na wiki tano.

Bi Somoe alikuja peke yake, akaketi kwenye kizingiti.

"Sikuja kugombana," alisema. "Uliisoma?"

"Niliisoma, mama."

"Ilikuwaje?"

"Ilikuwa nzuri kuliko zangu zote."

"Basi ungekwenda ukamwambia hivyo mwenye kuiandika. Yeye hata sasa anadhani hajui, anasema Hamisi kavutwa na damu tu, si barua. Mimi umeninyima mwanangu wiki tano, nimekusamehe, mwanangu yupo. Yeye je, utamrudishia nini?"

Nilikwenda kwa Zuhura jioni ile ile. Nikala vitumbua viwili, nikazungumzia mvua, nikarudi nyumbani. Nilikwenda tena na tena, na kila mara neno lile lilinikwama. Yeye aliendelea kuandika. Baadaye hadithi zake zilichapwa kitabu chembamba, kikasomwa kwenye madarasa ya kisomo, na jina lake juu. Nilikisoma kwa kalamu nyekundu. Mpaka tunamzika alikuwa akiniita Mwalimu, na mpaka tunamzika sikuwa nimemwambia. Mimi mwenyewe, miaka yote hiyo, sikuandika kitu cha maana. Nilikuwa nimeshughulika kumchunga Zuhura.

Sasa, daftari lako. Uliniachia siku ile ulipokuja kutoka kwako Mabibo, nikakuambia nitalisoma pole pole kwa sababu macho yananisumbua. Macho yangu hayana neno. Nililisoma lote siku ya pili yake. Ile hadithi ya mama wa Tabata anayefua sare ya mwanawe aliyekwisha kufa, niliifunga katikati nikatoka nje. Ugonjwa wangu wa Temeke ulikuwa umenirudia, na umri huu wote nilionao. Daftari likaingia kwenye sanduku, chini ya nguo, wiki tatu.

Leo nimelitoa. Mwanangu, umeandika vizuri kuliko nilivyowahi kuandika mimi. Nimelisema. Limekaa kooni miaka mingi na halikuwa lako peke yako, lakini lichukue.

Nasaha nilizonazo ni chache. Kabla hujaandika habari za mtu, keti naye umuulize, mpaka ufike kwenye mpapai wake. Maneno makubwa yaache, hata kama watu watatikisa kichwa. Anayekuchelewesha usimngoje, akiwemo mzee kama mimi. Peleka kazi yako kwingine. Na wivu utakupata, usidhani wewe umeumbwa tofauti. Siku utakaposoma kazi ya mwenzako ukahisi moto kifuani, ujue umesoma kitu kizuri. Vaa viatu, nenda kwake, mwambie siku hiyo hiyo. Usianze na mvua.

Mungu akupe mkono usiochoka na sikio la kuwasikiliza watu, akuepushe na sanduku kama langu, na kila utakachokiandika kimfikie aliyekuwa akikisubiri. Tarehe ya leo nimeiandika kwenye jalada la daftari lako, juu upande wa kulia. Ilinganishe na siku uliyoniletea, ujue nilikuibia siku ngapi.