Jina Lililobaki Kwenye Kompyuta ya Pembeni

Kitu cha kwanza ambacho mtu alikiona kwake kilikuwa mikono. Kabla ya kugusa kibodi alifuta viganja kwenye gauni, cha kushoto kisha cha kulia, kama anayepokea mtoto mchanga. Wateja wa kibanda chake cha intaneti walimwita Mama Futa, lakini si kwa sababu ya viganja. Ukurasa wa mtandao ukigoma kufunguka, hakugombana nao. "Tufute kwanza," alisema, akafuta kurasa za zamani ambazo kivinjari huzihifadhi, pamoja na vidakuzi, zile kumbukumbu ndogo zinazomtambua mtu aliyekwisha ingia, na mara nyingi mambo yalinyooka.

Kompyuta moja tu hakuifuta kamwe. Ilikuwa ile ya pembeni, aliyoitumia marehemu mumewe. Sanduku lake la barua pepe lilikuwa bado wazi humo, na neno la siri alikwenda nalo kaburini. Barua zenyewe hazikuwa na maana. Nyingi zilitoka kwa wauza wino. Alichokitaka Mama Futa ni lile jina juu ya ukurasa. Kila asubuhi aliliona, ikawa kama mtu katoka mara moja tu na atarudi kuuliza miwani yake iko wapi.

Mwezi ule kompyuta zake nyingine, zote mbili, zilikuwa kwa fundi. Seremala wa mtaa wa nyuma, rafiki wa marehemu, alikuja kila siku kuangalia kama mkewe amepangiwa upasuaji wa uvimbe kooni. Mama Futa alimfungulia ukurasa wa hospitali kwenye ile ya pembeni. Jibu lilikuwa lile lile: "Anasubiri."

"Shemeji, mashine yako ina kinyongo na mimi," alitania seremala.

"Haina kinyongo. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Sauti imekauka kabisa. Siku hizi ananigombeza kwa mikono. Na usidhani nimepumzika, mikono yake ina maneno makali!"

Walicheka, kisha kicheko kikawaishia njiani.

Jumanne seremala aliingia akihema, vumbi la mbao kwenye nyusi. "Nimekutana na muuguzi. Majina yametoka tangu Ijumaa! Asiyethibitisha mtandaoni leo kabla ya saa kumi, nafasi anapewa mwingine."

Ilikuwa saa tisa na robo. Mama Futa akafungua ukurasa: "Anasubiri." Akaangalia tarehe iliyoandikwa chini. Ukurasa ule ulikuwa wa wiki iliyopita, na kivinjari kilikuwa kikimrudishia huo huo kila siku. Kwa mteja mwingine yeyote angefuta siku ya pili tu.

Akafuta kurasa zilizohifadhiwa, akaacha vidakuzi. Ukurasa mpya ukaja, ukakataa kuwaingiza: hitilafu. Akarudia. Hitilafu. Vilibaki vidakuzi, na kivinjari kile cha zamani kilijua kuvifuta vyote au kuviacha vyote, pamoja na kile kilichoshikilia wazi sanduku la marehemu.

"Vipi, shemeji?"

"Nimekukosea. Nilipaswa kufuta mapema." Akamweleza, akimwonyesha lile jina.

Seremala akavua kofia. "Nikimbilie mjini, nitafute kompyuta nyingine?"

"Hutawahi."

"Basi mimi siwezi kukuambia umtoe, shemeji. Alikuwa mtu wangu pia."

Mama Futa akafuta viganja vyake. Akalisoma jina la mumewe kwa sauti, mara moja, kisha akabonyeza.

Ukurasa wa hospitali ukafunguka: Alhamisi, saa mbili asubuhi. Akathibitisha zikiwa zimebaki dakika ishirini. Baadaye, akiwa peke yake, alifungua sanduku la barua. Palikuwa na nafasi mbili tupu, moja ya jina, moja ya neno la siri. Alizitazama kwa muda mrefu kabla ya kuufunga ukurasa.

Upasuaji ulifanyika. Daktari aliagiza siku kumi za kimya kabisa. Ndipo ingejulikana kama sauti imerudi. Seremala alileta kikaratasi alichoandika mkewe: "Nikiweza kusema, wa kwanza kumpigia ni wewe. Nina mengi ya kumshtaki huyu shemeji yako."

Leo kimya kinaisha. Mama Futa ameweka simu yake ndogo ya vitufe kando ya kibodi, kioo kikitazama juu, na anafuta viganja vyake tena na tena, ingawa bado hajagusa kitu.