Chai ya Betri

Baba yangu alinifundisha kusafisha betri ya gari kabla hajanifundisha kuendesha. Alisema mwanamke asiyejua kilicho chini ya boneti yake ataliwa na mafundi wa Nairobi mpaka abaki na usukani peke yake. Jumamosi asubuhi, kwetu mtaa wa Satellite, birika la kwanza halikuwa letu. "Betri ikunywe chai kwanza," alikuwa akisema, na mama alinung'unika jikoni kwamba siku hizi magari yanatangulia watoto.

Chai yenyewe ilikuwa maji moto na kijiko cha magadi, yale yale ya kupikia maharagwe. Kwenye vile vichwa viwili vya betri, mahali waya zinapofungwa, kulikuwa na unga wa kijani na mweupe, kama ukungu juu ya mkate uliosahaulika. Baba alilegeza waya, mimi nikamimina polepole, unga ukatoa povu na kuyeyuka. Kisha mswaki mzee, kitambaa kikavu, na mafuta kidogo ya kujipaka ili unga usirudi upesi. Mwisho tulinawa mikono, kidole kwa kidole, kwa sababu unga ule una asidi na hula nguo na ngozi. Hapo alikuwa mkali. Hakuna aliyegusa chakula kabla ya kunawa.

Naeleza haya ili ijulikane kwamba mwaka huu, nilipofungua boneti ya gari lake, nilijua vizuri nilichokiona.

Baba anaishi peke yake tangu mama atutoke. Ana presha ya macho. Daktari alimweleza mbele yangu kwamba kilichopotea hakirudi, na kwamba sasa anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Tulipotoka kliniki alinyoosha mkono nimpe ufunguo. "Yule daktari ni kijana," akasema. "Shida ni taa za barabara. Zimefifia siku hizi." Ilikuwa mchana, jua limewaka.

Nilijaribu kila njia. Nilibembeleza, nikanuna, nikalia. Lakini baba si mtu wa kunyang'anywa gari hivi hivi. Gari lile limekimbiza wajawazito wa mtaa hospitalini, limebeba mabibi harusi, na limebeba kabati ambalo hadi leo sielewi liliingiaje. Kila Alhamisi alikwenda nalo mjini kunywa chai na wazee waliostaafu naye serikalini. Bila gari angekuwa mzee wa kukaa kwenye kiti cha plastiki akisikiliza redio, na hilo alilijua kabla yetu.

Kisha jioni moja, akinirudisha kwangu Muthangari, akagonga jiko la mama mmoja anayechoma mahindi kando ya barabara. Mama mwenyewe alikuwa ameinuka dakika ile ile kuchukua makaa. Moto ukatawanyika, mahindi yakabingirika hadi mtaroni. Baba hakupunguza hata mwendo. "Hawa watu wa kaunti," akasema, "hili shimo watajaza lini?"

Nilimwambia asimame. Nikarudi kwa miguu kuomba msamaha, na yule mama akanitukana mpaka akachoka, haki yake. Niliporudi garini baba akauliza mbona sikumletea hindi. Nikamweleza kilichotokea. Akasema huyo mama naye aliweka jiko barabarani. Akawasha gari.

Wiki iliyofuata akanipigia simu. "Mama," akasema, kwani ndivyo anavyoniita, nimepewa jina la mama yake. "Gari imekataa. Inafanya tik, halafu kimya. Kuja uangalie."

Nilikwenda. Ile tik niliifahamu tangu utotoni: betri ni nzima, ila moto haupiti kwenye uchafu. Na kweli, vichwa vyote viwili vilikuwa vimefunikwa na unga. Birika moja tu la maji lingetosha. Baba alisimama kando yangu, ameshikilia boneti kwa mkono ingawa ina chuma chake cha kuiegemeza.

"Iko na ule unga?" akauliza.

"Haina, baba."

"Angalia vizuri."

"Ni safi kabisa. Shida ni injini. Imenoki. Hii gari imekufa."

Sijawahi kumdanganya kwa sauti tulivu namna ile. Yeye akanyoosha mkono, akapapasa kwenye kivuli cha injini hadi akaipata betri. Kidole gumba kikapita juu ya kichwa kimoja. Akasugua vidole pamoja. Nilisubiri aniite mwongo. Badala yake aliteremsha boneti, akaenda kwenye bomba la uani, akanawa, kidole kwa kidole. Nilijiambia anaosha vumbi.

Akarudi na ufunguo. "Kama umesema imekufa, imekufa," akasema, akanikabidhi.

Heri angegomba. Sasa jirani akija kuomba lifti, humwambia, "Gari ilikufa. Msichana wangu aliiangalia, na huyo anajua magari." Nimemsikia kwa masikio yangu, na nikaona haya mpaka nikaingia jikoni kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Nimemfanya mzee wa watu anisifie uongo wangu. Na bado, nikimkumbuka yule mama wa mahindi, najua baba akiniuliza tena kesho nitamjibu vile vile. Dhamiri yangu haijakubali kunielewa.

Siku hizi Alhamisi nampeleka mimi. Juzi, alipomaliza chai na wazee wake mjini, tuliingia garini mwangu, nikazungusha ufunguo. Tik. Nikajaribu tena. Tik. Nikatoa simu nimtafute fundi.

"Wachana na fundi," baba akasema. "Enda kwa ile hoteli uombe maji moto. Na magadi, kama wako nayo."

Niliporudi na jagi nilimkuta ameshuka, amepapasa ubavu wa gari hadi mbele, mkono uko tayari kushikilia boneti. Nilifungua. Kwa miezi sikuwa nimeangalia huko ndani, mimi mjuzi wa magari, na unga ulikuwa umejaa tele. Nikamimina. Povu likapanda, likashuka. Nikasugua kwa kitambaa, nikavitikisa vile vifungo vya waya mpaka vikakaa sawa.

"Jaribu sasa."

Likawaka mara moja.

Maji kidogo yalibaki kwenye jagi, yamekwisha kupoa. Baba alinyoosha mikono nami nikammiminia, kama tunavyowamiminia wazee kabla ya chakula. Alinawa bila haraka, kidole kwa kidole.

"Umeona, mama?" akasema. "Haikuwa imekufa."

Nilishindwa kumtazama usoni. "Ndiyo, baba," nikasema. "Haikuwa."

Akakung'uta mikono, akapapasa njia hadi mlango wa abiria, akaingia na kufunga mkanda.