Kifuniko cha Mwaka Sitini na Mbili

Fundi Namba alizichoka kamera miaka mingi iliyopita, ila kamera zenyewe hazikumchoka. Kila wiki walikuja watu na maboksi yao, na ndani ya boksi mna kamera ya zamani ya Kisovieti, zile unazochungulia kwenye kidirisha mpaka vivuli viwili vya mtu mmoja vikutane, ndipo upige. Kutengenezewa hakuna aliyetaka tena. Walichotaka ni kujua: hii ni ya mwaka gani, ya toleo gani, na je, ni yenyewe?

Kwa hilo la mwisho hakuwa na mpinzani. Wapo wajanja waliochukua FED au Zorki, kamera za Kisovieti za bei rahisi, wakaifuta jina, wakachonga jina la Leica, ile ya Kijerumani ya bei kubwa, na mnunuzi akaondoka kifua mbele. Fundi aliishika tu, akaigeuza mara moja, akamrudishia mwenyewe bila kumtazama usoni. Nyuso za watu waliouziwa mbuzi kwenye gunia zilimchosha kuliko kazi yenyewe.

Kamera za Kiev, nazo za Kisovieti, ndizo zilizompa jina. Juu ya kifuniko, lile bamba la juu la kamera, kuna namba, na kwa kawaida tarakimu mbili za mwanzo ndizo mwaka. Mteja alipoanza kusimulia jinsi babu yake alivyoipata, fundi alimkata kauli: nisomee namba. Watu wana hadithi, alikuwa akisema, chuma kina namba. Jina likamganda, naye hakuwa na nguvu ya kulibandua.

Kwa hiyo kamati ya maktaba ya mji ilipompelekea Kiev moja, bila kumwambia ni ya nani ili asije akapendelea, hakuhitaji hata dakika tano. Namba ilianza na sitini na mbili. Ya lenzi ilianza na hamsini na sita, lakini lenzi inatoka kwa kuizungusha tu, watu huzibadilisha kama kofia, kwa hiyo hakuihesabu. Angeifungua aone ndani, sawa, lakini siku hizo macho yake na skrubu ndogo walikuwa hawaelewani. Akaandika mistari mitatu: ni Kiev, ni ya mwaka sitini na mbili, haijachezewa. Akatia sahihi, akaenda kujinyoosha kitandani.

Miezi mitatu baadaye, asubuhi, mjane wa mpiga picha mmoja aliingia kwenye kibanda chake ameishika kamera ileile, ameifunga kwenye kitambaa. Huyo mpiga picha alikuwa rafiki wa fundi, wa kufa na kuzikana, na mwaka juzi fundi ndiye aliyebaki akazika. Shemeji hakutaka kiti. Alisema kamera amwachie yeye, aivunje apate vipuri, kwa maana nyumbani kwake hataki kuiona.

Fundi akauliza kulikoni, na taratibu akasimuliwa yote. Kamati ilikuwa ikimtafuta aliyepiga picha ya ufunguzi wa daraja, mwaka hamsini na nane. Picha hiyo mji mzima unaijua: watu wamejaa darajani, na mzee mmoja mbele kabisa amevua viatu ili asilichafue. Marehemu alisema maisha yake yote kwamba aliipiga yeye, akiwa kijana wa miaka ishirini. Mpiga picha mwingine, ambaye naye ameshatangulia, alidai ni yake. Filamu ilipotea zamani, basi familia ikapeleka kamera. Kamati ikajibu kwamba kamera iliyoundwa mwaka sitini na mbili haiwezi kupiga picha mwaka hamsini na nane, na hilo hata mtoto anaelewa. Maktabani, chini ya picha, sasa pamebandikwa jina la yule mwingine.

“Barua ina sahihi yako,” shemeji alisema. “Sikulaumu. Ulisema ulichokiona.”

Fundi aliivuta taa, akachukua bisibisi yake nyembamba, akaanza kazi ambayo angeifanya miezi mitatu nyuma kama si uvivu, na tuuite uvivu, maana uzee husingiziwa mengi. Skrubu moja ilimponyoka mara mbili. Shemeji akaiokota mara zote mbili, na mwisho akakaa.

Mwalimu aliyemfundisha kazi alikuwa na sharti moja. Kila kamera unayoifungua, ikwaruze ndani kwa sindano, tarehe na ulichofanya, ili fundi atakayeifungua baada yako asipotee. Mteja ukimdanganya, mwalimu alisema, hiyo ni shauri yako na Mungu wako, lakini fundi mwenzako usimdanganye. Fundi Namba alilishika sharti hilo kama alivyopewa, sehemu zote mbili.

Kifuniko kilipotoka, alikigeuza chini ya taa. Mwandiko ulikuwa wake, wa ujanani, mkono ulipokuwa hautetemeki: mwezi wa nane, sabini na moja, kifuniko cha kamera nyingine.

Akakumbuka yote kwa mkupuo mmoja. Rafiki yake aliidondosha ngazini, kifuniko chake, chenye namba ya hamsini na sita, kikabonyea vibaya, akaja karibu kulia. Alimsihi asibadilishe hata kipande kimoja cha kamera yake. Fundi aligonga siku mbili, chuma kikazidi kuharibika, na aibu ikamshika, kijana anayejisifu mtaa mzima. Kulikuwa na Kiev mbovu pale kwenye kapu. Akaivua kifuniko, akaivisha nacho ile ya rafiki yake, akamwambia: nimekinyoosha, tazama, kama kipya. Rafiki hakugundua. Mtu huijua sauti ya kamera yake inavyolia, namba yake haijui. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikwenda miaka hamsini kabla ya kumfikisha hapa.

Na si hiyo tu. Alifikiri vifuniko vyote alivyowahi kuhamisha, na barua zote alizowahi kuandika kwa kusoma namba za juu, na uchovu ukamshukia mabegani mzima mzima.

“Shemeji,” alisema. “Mumeo hakusema uongo. Kamera ni ya hamsini na sita, kama lenzi yake. Kifuniko hiki nilikiweka mimi, nikamficha. Halafu nimekuja kukisoma mwenyewe, nikambandikia yeye uongo wangu.”

Alimwonyesha mwandiko. Shemeji aliusoma taratibu, akarudia, akakishika kifuniko kwa vidole viwili.

“Unajua alivyonioa?” aliuliza. “Wachumba walikuwa watatu. Wale wawili walikuwa na kazi za maana. Huyu alikuja na picha ya daraja, akanisimulia alivyopanda juu ya pipa la lami ili aipate. Nikasema, mtu mwenye macho hivi ndiye nitakayekaa naye. Barua yako ilipokuja nikaishusha picha ukutani. Nikajiuliza, kama la kwanza kabisa lilikuwa uongo, la kweli lilikuwa lipi? Watoto wake walimtetea. Mimi nilisema, fundi hakosei.”

Fundi alisema kesho asubuhi ataipitia kamera nyumbani kwa shemeji, aende mwenyewe kwenye kamati, akifungue kifuniko na kusema yote mbele yao, na jina la rafiki yake lirudi mahali pake. Alisema hata kama hakuna atakayemletea tena kamera, ni sawa, na hilo alilisema kwa moyo wote.

“Nenda,” alisema shemeji. “Wewe unayo kamati ya kwenda kuiambia. Mimi nimemnunia mtu aliye kaburini miezi mitatu, sijapeleka hata maji ya kumwagilia maua yake. Nani atapokea samahani yangu?”

Fundi alichukua skrubu, akaanza kuzirudisha moja moja, na shemeji yake akakaa palepale akisubiri kamera ya mumewe.