Mkono wa Mama Umelala

Harufu ya mbirimbi, yale matunda machachu ya achari, zilizoanza kulegea kwenye chumvi haiombi ruhusa. Inaingia puani, inashuka kooni, na mate yanajaa kinywani hata kama umeshiba. Juzi nilirudi kazini miguu imevimba, nikaikuta imenitangulia ndani. Jirani yangu, Mungu amjaalie kheri, alikuwa ameleta ndoo nzima ya mbirimbi kutoka shambani kwao. Mama yangu, ambaye siku hizi hata kuinuka kitandani ni shughuli, alikuwa keshakaa juu ya mkeka, kisu mkononi, anazipasua na kuzitia chumvi. Nikwambieni kweli, sikufurahi. Niliitazama ile ndoo nikataka kulia. Mtu umechoka, unataka chai na kujinyoosha, halafu unaletewa ndoo ya mbirimbi kwa mapenzi! Nikavua buibui, nikakaa, nikashika kisu cha pili.

Tukawa tunapasua. Na mimi nikikaa mbele ya mbirimbi, hurudi palepale kila mara, kwenye siku moja ambayo sijapata kumhadithia mtu.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Mji Mkongwe, juu kabisa ya nyumba yenye ngazi kali hata mgeni akifika mlangoni alikuwa akitoa salamu kwa mafungu. Tulikuwa wanne: baba, mama, bibi mzaa baba, na mimi, mtoto wa pekee. Bibi alikuwa na shamba dogo Bumbwisudi, alilorithi kwa wazee wake, na humo mlikuwa na miti sita ya mbirimbi. Achari yake ilijulikana mtaa mzima. Harusi ikipita bila ya achari ya bibi, watu walikula pilau lakini waliondoka wakinung'unika.

Achari ile ilikuwa na masharti kuliko posa. Maji yasiiguse. Kijiko cha bati kisiiguse. Na kubwa kuliko yote, mwanamke asiyesali asitie mkono ndani ya kasiki, lile gudulia kubwa la udongo tulilohifadhia. Nikisema asiyesali simsemi mvivu wa sala. Namsema aliye kwenye siku zake. Msije mkaniuliza imeandikwa wapi. Haimo kwenye dini, ni mambo ya jikoni tu. Wanawake wa kwetu waliamini achari itaota ukungu.

Nyumbani jambo hilo lilikuwa na maneno yake, ili wanaume na watoto wasielewe. Mama alikuwa akisema, "Bi Mkubwa, leo mkono wangu umelala." Bibi hujibu, "Haya, na ulale." Basi mama hukaa kitako juu ya kigoda, mgongo ukutani, na siku hizo kazi ya achari yote, ya mbirimbi, ya embe au ya ndimu kwa msimu wake, ikamwangukia bibi, na mimi mtoto wa watu. Mimi niliyachukua maneno kama yalivyo. Siku moja niliufinya ule mkono kwa nguvu ili uamke, mama akaruka, bibi akacheka mpaka akakohoa. Lakini ulipozidi kulala kila mwezi, nami kila mwezi nikazidi kumenya thomu, vile vitunguu saumu, nikakata hukumu yangu: mama yangu ni mvivu.

Mwaka ule mkono wa mama haukulala. Ulipita mwezi, ukapita wa pili na wa tatu, na bibi akawa mtu mwingine. Bibi huyu ndiye aliyekuwa akiwaambia wageni, mama yupo anasikia, kwamba nyumba ya mtoto mmoja haichangamki na mwanawe lazima aongeze. Mimi nilidhani anasema kuongeza chumba. Sasa akawa anampakulia mama kabla ya baba, tena kipande cha samaki kilichonona. Akamkataza kubeba ndoo. Mama naye alikuwa akiimba peke yake jikoni, jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

Msimu ulipofika tulikwenda shamba kuchuma. Baba alikuwa amesafiri Pemba kwa kazi, atarudi Ijumaa. Mbirimbi hazichumwi kwa pupa. Zinaota zimejazana kwenye shina lenyewe, kijani laini, maji matupu, na ukiibana kidogo tu inapasukia kiganjani. Unaikata kikonyo kwa ukucha, moja moja, unailaza kwenye pakacha lililotandikwa majani ya mgomba. Bibi alikuwa akizunguka nyuma yangu, "Taratibu, we Salma, hiyo si kengele!" Majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini, walinipanda mpaka shingoni, wananiuma, mimi nalia, bibi ananipangusa huku anahesabu mapakacha. Mama alichuma kwa kukaa, kwa amri ya bibi. Hata hivyo jioni tulipopanda zile ngazi zetu nilimsikia akisimama kila baada ya vidato vitatu.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa za jua na chumvi. Tulizipasua, tukazitia chumvi, tukazianika kwenye nyungo juu ya sakafu ya paa. Mimi ndiye niliyekuwa mlinzi. Kunguru wakitua, napanda. Wingu likipita, napanda. Mikono yangu ilikuwa imechanikachanika kwa kuchuma, na chumvi imeingia kila mchaniko. Siku ya tatu asubuhi nilikuwa nimechoka mpaka kichwa kinauma, na ilikuwa ndiyo siku ya kutia kasikini.

Bibi alikuwa juu anakusanya nyungo. Jikoni tulikuwa mimi na mama. Pilipili, tangawizi na thomu zilikuwa zimetwangwa tayari, siki ipo, kasiki limeoshwa na kukaushwa. Mama alikaa juu ya kigoda chake, akauegemeza mgongo ukutani. Uso wake ulikuwa hauna damu. Akanambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, leo tia wewe. Mkono wangu umelala. Na bibi yako asijue mpaka baba arudi."

Mimi nikaviona vidole vyangu vilivyochubuka. Nikaiona pilipili ile ya kutwanga. Nikapanda hasira za kitoto, nikapiga kelele nyumba nzima isikie, "Kila siku mkono wako unalala! Mimi nshachoka! Nnamwambia bibi!"

Bibi alikuwa keshafika mlangoni, ungo kiunoni. Alisimama. Akamtazama mama, akanitazama mimi, akamtazama mama tena.

"Umelala, mama Salma?"

Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema moyoni, leo mama atamkoma bibi.

"Mtoto anasema tu, Bi Mkubwa," mama akajibu. Akainuka kwa kushika ukuta. Akapandisha mkono wa kanzu, akazimimina mbirimbi kasikini, akamimina pilipili na siki, akautia mkono mpaka kwenye kiwiko, akawa anachanganya. Machozi yalikuwa yakimtiririka. Nilidhani ni pilipili. Bibi alisimama pale mlangoni mpaka kasiki likafunikwa, kisha akapanda juu.

Jioni mama alilala na homa, akalala siku nne. Baba aliporudi walijifungia chumbani, akatoka macho mekundu. Hakuna aliyenieleza kitu, na mimi nilikuwa mtoto, nikarudi kwenye mchezo wangu. Achari haikuota ukungu. Tuliila mwaka mzima, na waliokuja nyumbani walisema haijapata kutoka vile.

Nilikuja kufahamu ukubwani, nilipoolewa na mimba yangu ya kwanza ikanitoka. Nilikuwa nimelala natazama boriti, nikaanza kupiga hesabu ya mwaka ule: ile miezi mitatu, zile nyimbo za jikoni, kipande cha samaki, uso usio na damu. Nikakaa kitandani wima. Tangu siku hiyo nimeishi na kosa langu: nilimtolea mama yangu siri mbele ya mama mkwe wake, nikamlazimisha kuchanganya achari huku mtoto wake anamtoka. Hakupata mwengine. Baba naye hakuongeza mke. Napenda kusema ni kwa mapenzi, lakini na uwezo pia hakuwa nao.

Juzi, ndoo ilipofika nusu, nikajikuta nimemuuliza. Nilimwomba na radhi, naye akanitazama kama mtu anayetafuta kitu kwenye sanduku la zamani.

"Siri gani?" akasema. "Bi Mkubwa alijua palepale mlangoni. Zile kanga zangu zilizoingia damu nilikuwa nimezificha chini ya kitanda. Usiku nikazitafuta sizioni. Asubuhi nikazikuta zimefuliwa, zimekunjwa, ziko miguuni pangu. Hakunambia kitu mpaka anakufa, na habari ya kuongeza hakuitaja tena."

"Kwa nini basi ulitia mkono, mama? Kwa nini hukumwambia tu?"

Alichukua mbirimbi nyingine, akaipasua, akaitia chumvi.

"Sikuweza kulitamka, mwanangu. Ningelitamka, lingekuwa kweli." Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Lakini wewe usijitese kwa mambo ya siri. Mimi siku ile nilitaka kukaa kitako tu. Nilikuwa nimechoka sana."

Nimekuwa nikilizungusha neno hilo kichwani tangu juzi. Miaka yote niliyaona masharti ya bibi kuwa ni uonevu, na mambo ya watu wa kale wasiosoma. Sikupata kujiuliza mama yangu alipumzika lini. Alikuwa akiamka kabla ya watu na kulala baada ya watu, na katika nyumba ile hakuna mwanamke aliyewahi kusema amechoka; neno lenyewe sikulisikia ila kutoka kinywani mwangu mimi. Alikuwa na siku zake tano kwa mwezi za kukaa juu ya kigoda, na maneno matatu ya kuziombea. Siku aliyoyahitaji kuliko siku zote, aliyasema, na mwanawe wa pekee ndiye aliyemwinua.