Nukta Mbele ya Kazi Safi

Katika duka la uchapaji lililobanwa kati ya kinyozi na fundi viatu, mpiga chapa alikuwa mama mmoja mjane ambaye kila mtu alimwita Bi Nukta. Jina alilipata kwa tabia yake. Tangu enzi za taipureta, alipomaliza kusahihisha kazi aliweka nukta mbele ya kichwa cha kazi hiyo, ishara kwamba imepita machoni pake. Kazi isiyo na nukta haikuvuka kizingiti. Uaminifu ndio huo: kufanya jambo dogo ambalo hakuna anayekulazimisha kulifanya.

Mwenye duka alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mtu wa maneno mengi na subira haba. Alipoleta kompyuta mpya zenye mfumo wa Linux, Bi Nukta alihamia nazo pamoja na desturi yake. Kila faili alilokwisha kulisahihisha alilibadilisha jina, akatanguliza nukta, akafunga folda bila kuitazama tena.

Ikaja kazi ya kwanza kubwa kwenye kompyuta hizo, kitabu cha historia ya shule ya wasichana. Asubuhi ambayo mwalimu mkuu alikuwa aje kukipitia kabla hakijachapwa, shemeji alifungua folda. Nyeupe, kama sahani iliyolambwa.

“Shemeji, kitabu kiko wapi?”

“Si kimo humo humo.”

“Humo wapi? Mimi naona upepo tu! Umekifuta.”

“Sijafuta hata herufi.”

“Basi kimeota mbawa. Sikiliza. Mwalimu akifika, mwambie umeme ulikatika, kazi ikapotea. Hutaki, hicho kiti atakikalia mkaza mwanangu. Yeye kompyuta kazisomea.”

“Kiti chukua. Uongo sisemi.”

Kinyozi, ambaye kazi yake ya pili ilikuwa kusikiliza ya jirani, alichungulia mlangoni. “Makubwa! Leo Bi Nukta kawekewa nukta yeye!”

Bi Nukta aligeukia skrini. Alifungua pipa la takataka la kompyuta: tupu. Kilichofutwa kingekuwa mle. Akatengeneza faili la majaribio, akalipa jina, akatanguliza nukta kama kawaida. Kikachomoza kidirisha chenye maandishi madogo, kile kile ambacho siku zote alikibonyeza “sawa” bila kukisoma. Hapa simtetei. Mtu anayekagua makosa ya wenzake herufi kwa herufi hana ruhusa ya kukubali asichokisoma. Safari hii alivaa miwani, akasoma: faili ambalo jina lake linaanza na nukta hufichwa.

Akabonyeza. Faili likatoweka mbele ya macho yake, naye akaangua kicheko.

“Shemeji, njoo uone.”

“Kuna nini tena? Na hilo limekufa?”

“Hakuna aliyekufa. Wamejificha tu.”

Alifungua menyu ya mwonekano, akaweka alama ya vema penye kuonyesha mafaili yaliyofichwa. Sura za kitabu zikajitokeza zote kwa mkupuo, kila moja na nukta yake mbele. Hakuishia hapo. Akabadilisha vijipicha vikawa orodha, akaipanga kwa majina, akakuza maandishi mpaka kinyozi akayasoma kutoka mlangoni.

“Mama weee!” kinyozi akapiga makofi. “Wamefufuka!”

Mwalimu mkuu akaingia papo hapo. “Habari za kazi? Kitabu changu tayari?”

“Mwalimu, umeme…” shemeji alianza.

“Umeme upo, na kitabu kipo,” alisema Bi Nukta, akamsogezea kiti. Kiti chake mwenyewe hakukiacha.

Mwalimu alisoma, akageuka. “Hizi nukta ni za nini?”

“Maana yake kazi nimeisoma, neno kwa neno.”

“Ndiyo maana sioni kosa.”

Alipoondoka, shemeji alijikuna kisogo. “Sasa, shemeji, si tuziondoe hizo nukta?”

“Wewe ondoa ule uongo wako wa umeme. Nukta zangu nitazihamishia nyuma ya jina, nazo zitabaki.”

Na zimebaki. Mkaza mwana alipokuja dukani kujifunza kazi, somo lake la kwanza lilikuwa kusoma vidirisha.